Askari wa Urefu wa Kidole

Lijimol, mtaalamu wa viungo pale Al-Khuwair,
alinibonyeza shingo kama mnunuzi apimavyo tikiti,
akauliza: Kazi yako nini, baba?
Nikasema, nimestaafu.
Akasema, shingo hii haijastaafu.

Niliona haya kumwambia:
mtu wa miaka sitini na mbili
hupaka rangi askari wa plastiki,
farasi wao, ngao zao, nyusi,
hata mboni ya jicho,
kwa brashi yenye nywele tatu.

Nilianza mwaka ule joto lilipotufungia ndani, Mabela,
mapazia chini toka Juni,
kiyoyozi kikinung'unika kama mgeni asiyepewa chai.
Mwanangu Muadhi kaniletea sanduku kutoka Dubai:
wapanda farasi arubaini, wa kijivu, hawana nyuso.
Nikawainamia.
Saa nne nimewainamia,
chai imeota ngozi,
na nilipoinuka
sikuinuka.
Zuwena alinikuta nimejikunja kama ndoana.
Akacheka kwanza.
Mafuta ya karafuu akayatafuta baadaye.

Basi nisikilizeni, nyie mliopenda kazi ndogo.
Jicho lisimshukie askari; askari alipandie jicho.
Mimi nimeweka mezani sanduku tupu la tende,
viwiko vyangu viko juu yake, vimetulia,
taa inatoka kushoto, si kisogoni.
Farasi nimembandika kwenye kizibo cha chupa ya dawa ya kikohozi:
ninachoshika ni kizibo, si kwato.
Na brashi, ilivyo nyembamba kama njiti,
nimeivisha mpira wa usukani wa baiskeli ya mjukuu,
ikanenepa, vidole vikaacha kuikaba.
Mwizi ndiye hukabwa.
Brashi ishike kama kifaranga:
asitoroke, asife.

Kiyoyozi nimekigeuza uso,
kisinipulizie kifundo cha mkono.
Baridi yake hukopesha usiku,
hudai alfajiri.

Na maji ya kuoshea brashi
(hili ni langu, Lijimol hakunifunza)
nimeyaweka jikoni.
Rangi ikibadilika sina budi kunyanyuka,
hatua kumi na nne kwenda,
kumi na nne kurudi.
Koti jekundu: jikoni.
Buti jeusi: jikoni.
Zuwena husema, leo umepotea mara ngapi?
Mgongo haujui kama unadanganywa.

Kidole gumba kikifa ganzi, naacha,
hata kama limebaki jicho moja.
Yuko mmoja kabatini hana jicho la kushoto tangu Ramadhani.
Anasubiri. Farasi wake pia.

Alhamisi nilimpelekea Lijimol mpanda farasi, zawadi,
kilemba cha buluu, mkanda wa dhahabu.
Akaanza kuinama amtazame vizuri.
Nikamwambia, mwanangu, mpandishe.

Usiku wa jana, njiani kati ya meza na jikoni,
glasi mkononi, maji yamekuwa zambarau,
nikamkumbuka mama.
Bi Shinuna alishona kofia za viua,
Unguja kwanza, kisha hapa,
mto mapajani, mgongo ukutani,
miguu kainyoosha mkekani,
tundu kwa tundu, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe.
Hakuna aliyemsikia akisema mkono unauma.
Ila kila akimaliza safu
alichomeka sindano kwenye mto,
akasimama, akajinyoosha mlangoni,
akenda kuangalia sufuria.

Sisi watoto tulimcheka.
Sufuria mara nyingi haikuwa hata motoni.
Tulidhani anasahau.