Wingu la Mwaka wa Nane

Alisema hataki keki ya binti mfalme.
"Nataka sherehe ya sayansi," akasema,
kama mtu anayeagiza vitumbua viwili,
akaendelea kukwangua ukoko.

Mimi ni mshonaji. Sayansi yangu
ni sentimita, na kujua kitambaa kipi kitachuja rangi.
Nikamwendea Kapela, mtunza maabara wa sekondari,
ambaye suruali yake niliipunguza tangu Pasaka
na hela sijaiona.
Nikamwambia: nilipe kwa miujiza.
"Miujiza sina," akajibu. "Nina ndimu na chupa tupu."

Basi Jumamosi, Isevya, mwezi wa tisa,
jua limekaa juu ya bati kama mgeni asiyejua kuaga.
Nilialika watoto kumi, wakaja kumi na wanane.
Makoti ya maabara niliyashona kwa mifuko ya ngano;
Nyanzobe, mwembamba kuliko wote,
mgongoni kaandikwa KILO HAMSINI.

Mihambo tulimlipa apige ngoma mpaka keki.
Alipoanza tu, Kapela akamwaga mchele juu ya ngozi:
punje zikaruka, zikajipanga, zikajivuruga,
zikacheza kuliko waalikwa.
"Mnachokisikia," akasema, "ndicho hicho mnakiona."
Na Mihambo, miaka ishirini kwenye harusi za watu,
akainama kuitazama ngoma yake
kama mume aliyegundua leo
kwamba mkewe anajua kuogelea.

Kisha juisi ya choya, nyekundu, kwenye bilauri.
Maji ya majivu kijiko kimoja: ikawa kijani.
Mama Sizya wa nyumba ya pili akashika kifua,
"Haya si mazingaombwe haya?"
Kapela akampa kijiko. "Tia wewe, mama."
Akatia, mkono unatetemeka. Kijani.
"Wa mazingaombwe huficha kiganja.
Mimi nakukabidhi kijiko."
Mama Sizya akarudia mara tano.
Choya ya kunywa ikaisha hapo.

Asali ikakaa chini ya chupa, maji katikati,
mafuta ya alizeti juu, kila mmoja na ngazi yake,
na kabla hatujaambiwa kwa nini
Shija akainywa yote.

Keki yangu ilipasuka tumboni ikiwa jikoni.
Nikaipeleka hivyo hivyo, nikaiita volkano.
Walishangilia. Sikusahihisha.

La mwisho lilikuwa wingu.
Maji ya vuguvugu kidogo ndani ya chupa,
njiti ya kiberiti iliyozimwa, moshi wake ukaingia,
kifuniko kikazwe. "Kamua kwa nguvu. Haya, achia."
Na ndani ya plastiki, hapo kwenye mkeka wetu,
wingu.
Akikamua linapotea, akiachia linarudi.

Kalunde ni wingu dogo, kwa lugha ya bibi yake.
Alizaliwa asubuhi iliyojaa mawingu
na mvua haikunyesha, wala kesho yake.
Sikuwahi kumwambia sehemu hiyo ya pili.

"Moshi wa nini?" akauliza. Ngoma ilikuwa imenyamaza.
"Mvuke peke yake hutangatanga," Kapela akasema.
"Unataka chembe ya kushikia. Moshi, hata vumbi."
"Hata vumbi hili letu?"
"Hata hili."

Nikatazama uani,
vumbi ninalolifagia miaka minane,
ninalolitukana kila alfajiri kwa jina,
likielea kwenye mwanga, juu ya makoti ya ngano,
juu ya vichwa kumi na vinane.

Usiku alilala na chupa kifuani.
Asubuhi nikakuta magadi yameisha, ndimu zimeisha,
kanga yangu ina doa la kijani,
na Kapela mlangoni na suruali nyingine.

Ufagio niliushika.
Nikasimama nao kidogo.