Mstari wa Chaki

Kombi ya mkate ilifika saa kumi na mbili na robo,
asubuhi ya mvua, Kadutu,
maji yakishuka ngazi kwa ngazi kuelekea sokoni.
Murhula, dereva, hakuzima injini.
"Sikia," akasema.
Nikasikia: tak, tak, tak,
kama mtu anayegonga mlango asitake kufunguliwa.
Ukikanyaga mafuta, inanyamaza.
Ukiachia, inarudi.

Niliinama. Mkanda ulikuwa unatema vumbi jeusi
na puli ya mbele inayumba,
kidogo tu, kiuno cha mlevi anayeijua njia ya kwake.

Puli ile si chuma kimoja. Watu hawajui.
Ni vyuma viwili: kitovu ndani, pete nje,
na katikati umelala utepe wa mpira
mwembamba kama ulimi wa kiatu.
Kazi yake ni kutetemeka badala ya wengine.
Kila mazutu yanapolipuka na kuipiga krenki
(wazee wa garaji yetu husema vilebreke)
mpira unapokea, unameza, hausemi.
Kilomita laki mbili, Walungu, Kavumu, Walungu,
matope, mashimo, oili inayovuja usiku,
hausemi.
Mpaka siku unapasuka midomo.

Nilimwomba binti yangu Ntakwinja chaki,
nikachora mstari mmoja, kutoka kitovu hadi ukingo.
"Panda hadi Nyawera, urudi."
Aliporudi, mstari ulikuwa vipande viwili:
nusu ya ndani inatazama Rwanda,
nusu ya nje inatazama ziwa.

Nabintu, mwenye kombi, mwenye tanuri, mwenye deni la unga,
aliuliza bei ya puli mpya.
Nikamwambia.
Akacheka bila meno kuonekana.
"Hakuna ya bei ya mkate?"

Hapa inanibidi niseme polepole.
Nilijua.
Nilivaa miwani, nikawasha mashine,
nikachomelea kitovu na pete, nukta sita,
vyuma viwili vikawa kimoja,
na mpira ukafuka moshi, ukanuka kama nywele.
Dola kumi na tano. Nilizihesabu mbele yake.
Tak-tak ikaisha. Murhula akanipigia saluti.
Watu wawili wakiacha kugombana namna hiyo
majirani husema, sasa kuna amani.

Siku kumi na tisa.
Kwenye mpando wa Funu, mikate mia nne ndani,
krenki ikakatika kama muwa.
Murhula anasema hakusikia kishindo. Alisikia kimya,
usukani ukawa jiwe mikononi,
taa nyekundu zikawaka zote,
breki ikagoma kama punda,
na kombi ikaanza kurudi nyuma, taratibu,
kuelekea kwa wauza ndizi.
Aliibamiza kwenye ukuta wa shule.
Hakuna aliyekufa.
Naandika tena: hakuna aliyekufa.
Mikate ilitapakaa topeni, watoto wakaiokota,
wakaipangusa kwa mashati yao meupe.

Mtetemo haukuwa umekwisha.
Niliufukuza pale ulipozoea kulala,
ukaenda kulala ndani zaidi.

Niliuza jenereta. Nililipa nusu ya injini ya mtumba,
na nusu ya pili naipeleka kila Ijumaa, tanurini.
Nabintu huihesabu mara mbili, huandika
katika daftari lile lile la unga.

Puli mpya niliifunga mwenyewe,
kwa spana ya kupimia nguvu niliyoazima Panzi.
Kisha nikachora mstari.

Tangu hapo kombi haipiti bila kusimama.
Murhula anafungua boneti.
Nabintu anashuka, unga kwenye kitenge,
hanisalimu,
anainama, anatazama chaki.
Mvua ikiwa imeifuta
ananyoosha mkono bila kuniangalia,
nami nampa kipande,
na anachora mwenyewe.