Jani Likunjwe Wapi

Kwa Thangaraj, nyuma ya stendi ya Tiruchi,
hakuna menyu. Unakaa, jani la mgomba linatandikwa,
unalinyunyizia maji kwa vidole, unalifuta,
na kabla hujasogeza kiti vizuri
wali umeshafika, unafuka.

Kijana wa ndoo anapita mbio: "Sambaru? Sambaru?"
Hangoji jibu. Anamimina
mpaka umzuie kwa kiganja.

Nimeketishwa meza moja na nisiyemjua,
mtu mzima, shati jeupe, kichwa kimenyolewa juzi.
Nikaelewa. Huku tunanyoa hivyo
moto wa mzazi ukishapoa.

Anakula kama anayelipa deni:
wali, rasamu, tena wali.
Achari ya ndimu kaisukuma pembeni
kama mtoto aliyekatazwa.

"Mama," akasema, wala sikumuuliza,
"kila Jumanne alikuja hapa kuwasuta wapishi.
Chumvi nyingi! Dengu maji matupu!
Miaka thelathini na mmoja."

Nikacheka. Naye akacheka, kikamkwama kooni.
Kijana akaweka ndoo chini,
akamletea maji,
na mtindi ambao hakuna aliyeagiza.

Tulipomaliza, mkono wake ukasita juu ya jani.
Ukilikunja kuja kwako, umeshiba, utarudi.
Ukilikunja kwenda mbele, umekula cha matanga.
Alianza kulipeleka mbele. Akaacha.
Punje mbili za wali zilikuwa zimemganda kidoleni.

Kisha akalivuta kwake, polepole,
akamgeukia Thangaraj kwenye meza ya fedha:
"Jumanne mnafungua saa ngapi?"