Sehemu ya Pili, Kibandani Oli

Miaka mitatu nyuma, kwa mdomo wangu huu,
kipaza sauti kimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
niliwatangazia watu wa Oli, hapa Arua:
"Lango la nyota hufunguka mara moja tu.
Kapteni amebaki upande wa pili. Amekufa. Basi."
Mabenchi yote yalinyamaza.
Fadimulla muuza betri alijifuta uso kwa kofia,
akasema ni vumbi.

Leo Kapteni huyu hapa, dakika ya nne,
amenyoa ndevu, anakunywa kahawa.

Nilingoja waeleze.
Kazi yangu kutafsiri, na pale hapakuwa na neno la kutafsiri,
milipuko tu, na meli pana kuliko mji wetu wote
ukiongeza na kilima cha Ediofe.

"Nani kamfukua?"
Ni Ezaruku, wa benchi la mbele, miaka kumi na mmoja,
kiingilio chake ni chupa tupu alizookota tangu Jumatatu.

Nikasema, "Huyu ni pacha wake."
"Mbona ana kovu lile lile?"
"Walianguka pamoja."
Watu wakacheka, jenereta ikakohoa, tukasonga.

Lakini filamu haikunihurumia.
Adui asikiaye mawazo ya sayari nzima
hamsikii Kapteni aliyejibanza chini ya meza yake.
Kutoka jua hadi jua, kufumba na kufumbua;
ukumbi mmoja wa meli wanaukimbia nusu saa.
Na mtambo wa kumeza dunia una swichi moja, nyekundu,
haina mlinzi, haina kifuniko.
Kibanda cha Candiru cha chapati kina kufuli mbili.

Nikaziba.
Walinzi nikawapeleka kula mchana.
Adui nikampa ugonjwa wa masikio.
Shati la Kapteni, lililotoka baharini likiwa kavu,
nikasema ni kitambaa cha huko kwao.
Nilikuwa nateka maji ya Enyau kwa kikapu
huku nikiusifu ususi wake.

Mji wa vioo ulipoungua, niliwaza ile pesa.
Wangetoa tone lake wamlipe mtu mmoja
akae na kalamu pembeni, aulize: kwa nini?
Ezaruku angeifanya kazi hiyo kwa chapati moja,
na angerudisha chenji.

"Si haki," mtoto akapaza sauti. "Walisema mara moja tu!"

Ndipo Candiru, mlangoni, unga viganjani,
ambaye mumewe alivuka kwenda Juba na lori la vitunguu
na huu ni mwaka wa sita,
akasema bila kuangalia ukutani:
"Mwacheni anywe kahawa yake."

Hakuna aliyecheka.
Nikapunguza sauti yangu, nikaacha wazungumze kwa lugha yao,
hata mimi sikusikiliza sana.

Baadaye nakunja nyaya, nahesabu sarafu,
mafuta ya jenereta yamekula nusu.
Ezaruku bado yupo, anasaidia kupanga mabenchi,
jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Wale mapacha," anasema.
"Ehe."
"Yule wa kwanza alipokufa, huyu alikuwa wapi?
Na mama yao je, aliambiwa?"

Nimeshika taa. Sikuwa nimemfikiria mama.