Karatasi ya Rufaa

Karatasi yenyewe nyepesi, haifiki uzito wa bawa la nyuki.
Jina, umri, kijiji, sababu ya kumhamisha.
Mistari mitatu nimejaza. Wa nne, kalamu imegoma.

Mbele yangu, kwenye kiti chenye mguu uliofungwa waya,
amekaa Mihayo Kapaya, mkulima wa tumbaku, Urambo,
miguu imevimba hadi kandambili zimezama nyamani.
"Mwangaluka, daktari," ameniambia, saa nane mchana,
kana kwamba siku yetu ndiyo kwanza inakucha.

Figo zake zimelala. Majibu ya maabara
nimeyasoma mara mbili, nikailaumu mashine,
nikamlaumu fundi, kisha nikaacha.

Tiba ipo. Hapo ndipo taabu inapoanzia.
Ingekuwa haipo, ningesema "Mungu", nikafunga faili,
nikaenda kula.
Ipo Mwanza: mashine inayofua damu kama shuka,
mara tatu kwa wiki, wiki zote zilizosalia,
na kila kufua kuna bei.
Bima yake ilikwisha pamoja na msimu wa juzi.

Mwanawe, Ntundu, anahesabu bila kutoa sauti;
naona vidole vikigusana chini ya meza:
ng'ombe sita. Marobota ambayo chama hakijayalipa.
Baiskeli. Mizinga arobaini kule porini, asali ingali changa.
Ada ya Kalunde, aliyefaulu kidato cha nne.
Vidole vimekwisha, hesabu haijafika mwezi wa tatu.

Nilishawahi kuiandika karatasi hii.
Kwa mtu wa Usoke. Niliandika haraka, kwa fahari,
mwandiko mzuri.
Alirudi sandukuni baada ya wiki kumi na moja,
na mwanawe nikamkuta stesheni ya Tabora,
akiuza karanga madirishani:
"Shikamoo, daktari. Chukua hizi, usilipe."
Nililipa. Mara tatu ya bei. Bado nadaiwa.

Na nilishawahi kutoiandika.
Nilisema "mpumzisheni nyumbani," nikadhani ni huruma.
Mjane akaja kusikia redioni kwamba mashine zipo.
Alitembea tangu alfajiri kuniletea swali moja:
"Nani alikwambia sisi ni maskini?"

Wahenga walimsema mgonjwa afichaye maradhi.
Daktari afichaye bei, hawakumsema,
wala yule aitajaye mbele ya kitanda
kama dalali.
Chuoni tuliapa, majoho yamepigwa pasi:
usidhuru. Kiapo hakikusema nani,
mwenye figo, au mwenye daftari.

Basi nikasema. Yote. Bei, safari, sindano, miezi,
kwamba wapo wanaoishi, na kwamba sijui.
Hilo "sijui" lilitoka na jasho.
Ntundu akatazama dari. Mzee akacheka kidogo, akakohoa:
"Angekuwa baba yako?"

Baba yangu alikufa kwa radi, shambani, Kibondo,
bila kumpa mtu nafasi ya kuchagua.
Sikumwambia hayo. Nilisema, "Ningeogopa kama mnavyoogopa."

Ndipo Nyamizi, mkewe, ambaye hakuna aliyemuuliza,
hata mimi, na tangu asubuhi yuko pale mlangoni,
akanyoosha mkono:
"Iandike. Kubeba si kwenda."

Nikaandika mstari wa nne. Nikagonga muhuri.
Akaikunja mara nne, akaifunga pindoni mwa kanga
pamoja na noti mbili na ugoro wa mumewe.

Treni ya kwenda Tabora ilipiga honi usiku ule.
Nilikuwa zamu. Wodi ya wazazi ilikuwa inaniita.
Nilisimama dirishani, si kwa muda nilioutaka,
nikautazama wino kidoleni,
nikanawa.