Vidole Visivyosomeka

Kipandauso huniingia kwa mlango wa jicho la kushoto.
Kwanza kijicheche, kama cha mchomeleaji kando ya barabara,
kisha herufi zinakatika: naandika *kilo*, naona *lo*.
Msimu wa korosho ndio msimu wake.
Magunia yamepanda hadi kwenye kenchi, mizani inanisubiri,
mkulima ananitazama mkono asije akaibiwa,
nami nusu ya kichwa changu imo kinuni
na kuna mtu anatwanga.

Miaka sita. Vidonge vyeupe, vidonge vya rangi mbili,
miwani ya Masasi, miwani nyingine ya Mtwara mjini.
Daktari akasema kichwa ni kizima.
Nikamshukuru, nikatoka, nikatapika nyuma ya tangi la maji.
Shemeji alisema jini. Mwenyekiti alisema pombe.
Mke wangu hakusema kitu; aliziba dirisha kwa khanga mbili
akawakataza watoto kucheka.

Mpakiaji mmoja, Likwembe, mwenye mgongo kama mlango,
ndiye aliyenipeleka kwa Bi Somoe Nantima,
nyuma ya mashine ya kusaga, hapa hapa Newala,
asubuhi ukungu ungali umeketi juu ya mabati.
Mkeka. Jiko la mkaa. Kibakuli cha mafuta ya ufuta
yakipata moto bila haraka.
Rafuni, pembe tatu za kuumikia.
"Hizo si zako leo. Siku ukizitaka, njoo na wembe mpya
ndani ya karatasi yake, niufungue ukiona."

Akauliza nalalia upande gani. Mkoba nabeba bega lipi.
Usiku nasaga meno?
Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za meno.

Kisha mikono.
Nilitarajia pamba, nikakutana na msasa.
Miaka kumi na minane alibangua korosho,
utomvu wa ganda ukamla ngozi, tabaka kwa tabaka,
hata walipokuja kuandikisha vitambulisho
kile kioo chenye taa hakikumsoma.
"Weka tena, mama." Akaweka.
"Futa na nguo, weka tena."
Mashine ikasema hapana mtu.
Anasimulia huku anacheka, na dole gumba lake
linashuka nyuma ya sikio langu polepole
kama anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi.

Likasimama.

"Hapa. Hapa umeweka nini?"

Nilitaka kusema sijaweka kitu,
lakini shingo ilishaanza kujibu yenyewe:
zile kilo mbili za kila gunia
nilizoambiwa nisizione,
na mimi, kwa jicho hili hili la kushoto, nisizione.
Maji yakanitoka. Nikayasingizia moshi.
"Ni msuli tu, Karani," akasema,
"umekaza kama kamba ya mbuzi aliyezunguka mti."
Akaukanda hadi ukaachia,
nikasinzia pale mkekani, mdomo wazi, kama mtoto.

Sikupona. Niandike kama ilivyo.
Siku ya kumi na moja kijicheche kilirudi,
ila kilikaa mchana mmoja, hakikulala.
Narudi kila Ijumaa. Zile kilo nimeanza kuziona,
na bosi ameanza kuniona mimi.

Jioni moja nilimkuta kizingitini
mikono yote miwili ndani ya beseni la maji ya chumvi,
maji ya jana; Newala maji hayamwagwi ovyo.
Viungo vimemvimba kama tangawizi.
Nikauliza, wewe anakuchua nani?
Akanitazama kana kwamba nimemuuliza bei ya mwezi.
Kisha akautoa mmoja, unachuruzika, akanipa.

Nikaushika kwa namna ninayoijua.

"Si hivyo. Unabonyeza kama unapiga muhuri.
Tulia kwanza. Tulia, usikilize."