Nyuzi Themanini na Nne

Muhula wa pili, mwaka wa kwanza kati ya mitano,
Mwalimu Mahenge alifuta ubao kwa mkono wa koti
akasema: Nendeni mkapime nyumba mlizokulia.
Skeli moja kwa hamsini. Wino. Msilete hadithi.

Nikapanda basi la Tukuyu, futi kamba mfukoni,
Iyunga ikabaki nyuma na baridi yake ya Juni
inayofanya wino usite kwenye ncha ya kalamu.

Mama alishika ncha moja, mimi nikashika nyingine.
"Miaka mitano," alisema, "kujifunza kujenga?
Baba yako aliisimamisha hii kwa wiki sita,
na katikati akaugua malaria."
Nikamwambia avute kamba, isilegee.
Sebule: mita tatu na sentimita kumi na mbili.
Chumba cha wavulana: mbili na themanini.
Jiko la nje hakutaka nilipime,
alisema moshi hauna urefu.

Kona ya nyuma ndiyo iliyonisumbua.
Nilipima mara tatu, nikapiga goti kwenye tope,
nikaegemeza pembetatu kwenye tofali:
nyuzi themanini na nne.
Miaka kumi na tisa nimelala chumba kile
nikidhani kitanda ndicho kibovu,
kwa kuwa hakikuwahi kukaa sawa na ukuta.

"Hapo alipinda," mama alisema. "Kulikuwa na mgomba.
Ulikuwa na mkungu, bado wiki tatu kukomaa,
na mwaka ule mahindi yalituozea shambani.
Angeukata vipi? Akasogeza kamba,
akaendelea na tofali."

Mkungu wenyewe mliula siku ngapi?

"Nne. Na wewe ulikuwa tumboni."

Mgomba ukishazaa umemaliza. Wakaufyeka.
Ukuta ukabaki umempisha mgeni
aliyekwisha kuondoka.

Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha
studio ilinuka gundi na mihogo ya kukaanga.
Gwakisa alilala chini ya meza,
shuka lake amelifunika modeli ya maboksi,
yeye mwenyewe anatetemeka.
Umeme ulikatika saa nane, tukawasha simu.
Na mimi, kwa usingizi na kwa woga wa alama,
niliinyoosha ile kona.
Tisini. Rula moja, mstari mmoja.
Ikapendeza kama nyumba ya watu wengine.

Alfajiri Loleza ulikuwa umejifunga wingu kiunoni.
Nilichukua wembe nikaukwangua wino, taratibu,
mpaka karatasi ikaota manyoya,
nikaziondoa zile nyuzi sita
ambazo baba hakuzihitaji.

Wahakiki walikuwa watatu, mmoja akitafuna kalamu.
"Hapa umekosea kupima."
Sijakosea.
"Basi fundi alikosea."
Hakukosea.
Mwalimu Mahenge akainama, miwani ikateleza puani,
akaweka kidole nje ya ukuta, penye kiduara
nilichokichora kwa vistari vilivyokatika-katika,
jinsi alivyotufundisha yeye mwenyewe kuchora
kitu kilichokuwepo na hakipo.
"Na hiki?"

Mgomba, nikasema.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesifu pia.
Walihamia kwa Gwakisa na paa lake lisilo na mfereji.

Nilipata hamsini na tisa.
Pembeni, kwa penseli, kwa herufi za kubana matumizi,
mwalimu alikuwa ameandika:
*Kaskazini iko wapi?*

Nilikuwa nimesahau mshale.